Mama wa Kukodi wa Malabon

Aling Felicing, yaani Bi Felicing, alikuwa na watoto wawili wa kuzaa, wote wazima, na wengine wengi wa kukodi, wote marehemu. Ndiyo kazi iliyomlisha pale Malabon. Polisi hawagusi kamari ikichezwa kwenye matanga, hilo hata mtoto mchanga analijua. Basi Mang Teban, bwana kamari wa mtaa, alikuwa akikodi maiti isiyo na ndugu, anailaza sebuleni, anapanga meza za karata, na Felicing analia kama mama mzazi. Na alijua kulia, mwanamke yule! Machozi yake yalikuwa karibu kama mate.

Siku hiyo alianza kulia kabla jeneza halijafika, kupasha koo tu. Gari la maiti likaingia na majeneza mawili meupe, ya bei moja. Maiti ya kukodi ilikuwa ya kupelekwa kwa Teban. Ya pili ilikuwa ya Jerwin, fundi aliyeanguka kutoka ghorofani, naye alitakiwa kwa mama yake, Aling Monina, mgeni aliyehamia ng'ambo ya mfereji juzijuzi. Dereva, pombe kichwani, alisahau nani ni wa wapi. Akatega sikio. Kwa Monina kimya. Kwa Teban kilio kinapasua mabati. Akaona hakuna haja ya kuuliza, akamshusha Jerwin penye kilio.

Monina alipofunua jeneza alilopewa, alikuta mzee kibogoyo asiyemjua. Akavuka mfereji mbio.

"Huyu mwanangu! Jerwin wangu!"

"Kaa chini, mama, unatutia nuksi," mcheza karata mmoja alimjibu bila kuinua macho.

Felicing alimtazama Monina, akatazama uso chini ya kioo cha jeneza. Pua ileile, kidevu kilekile. Akamnong'oneza Teban, "Bosi, ni wake kweli. Tumrudishie."

"Mbele ya watu wote hawa? Wakijua tunakodi maiti, afande yule pale mezani atafumbiaje macho? Lia, bwana!"

Felicing aliona aibu. Aliiona, akaimeza, akajitupa juu ya kioo. "Mwanangu weee! Hata maiti yako wanataka kuninyang'anya!"

Afande Abcede, aliyekuwa mezani na karata nzuri mkononi, alinyanyuka kwa hasira. Monina akampa picha ya Jerwin. Afande aliitazama, akainama kwenye kioo, akaitazama tena.

"Huyu wa kwenye picha anacheka," alisema. "Huyu hapa hacheki."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Kicheko kilimpanda hata Felicing, Mungu amsamehe, akakigeuza kwikwi.

"Afande, nimemzaa mimi," Monina alisema. Sauti ilikuwa imemkauka, na macho pia. Alikuwa amelia tangu siku aliyopigiwa simu ya msiba na sasa hakubakiwa na kitu.

"Mama gani huyu, hata chozi moja hana?" afande alifoka. "Mtazame mwenzio! Haya, toka, tuachie watu na msiba wao."

Wakamsindikiza mpaka mlangoni wakimsukuma kwa mabega. Mtu mmoja alimrushia ganda la karanga. Karata zikaendelea, na Teban akamletea Felicing kahawa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jua lilikuwa halijazama Monina aliporudi. Alikuwa amechana nywele na kuvaa nguo nyeusi, mkononi pakiti ya biskuti za msibani. Hakubishana na mtu. Alipanga foleni pamoja na waombolezaji wengine, na zamu yake ilipofika akamshika Felicing mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana kwa msiba, mama," alisema. "Naomba ruhusa yako nikae karibu naye mpaka mtakapomzika."

Teban alikuwa amekodoa macho kutoka mezani. Felicing alisogea kidogo kwenye benchi.

"Kaa, dada," alimwambia. "Ila usinizidi kulia."