Safari Mbili za Kuandika Jiwe la Kisima

Nilitoka Nachingwea kwa kazi moja tu, kuandika jiwe. Mimi ni fundi wa maandishi. Vibao vya maduka, majina ya shule, hata misalaba ya makaburini, vingi vya upande wetu vimepita kwenye brashi yangu. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, ukisikia Mwenge wa Uhuru unakaribia wilaya za kusini, ujue fundi rangi halali njaa. Safari hii niliitwa na mtendaji wa kijiji kimoja cha Ruangwa, njia ya Matambarale. Jina la kijiji naliacha, wenyewe wapo na watajijua. Walikuwa wamechimbiwa kisima, Mwenge ulikuwa unakuja kukizindua, na jiwe la uzinduzi lilitaka mwandiko wa kusomeka.

Niseme mapema kwamba naipenda nchi yangu, tena sana. Nilipita jeshini. Bendera ikishushwa nasimama wima hata kama nina gunia begani, na watoto wangu wananicheka kwa hilo. Kwa hiyo sikwenda kule kama kibarua tu. Nilikwenda kifua mbele.

Alfajiri niliipita Nambambo kwa baiskeli. Nyuma nilifunga makopo mawili ya rangi nyeusi, rula ya mbao, na brashi tatu nilizoviringisha kwenye kanga kuukuu ya mke wangu. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua na barabara ilikuwa vumbi jekundu tupu. Nilisukuma kwenye vilima, nikapanda kwenye tambarare, nikashuka mara moja kuziba pancha.

Mchana nilikuwa Ruangwa mjini. Watu walikuwa wakipaka chokaa mawe ya kando ya barabara, mpaka mengine ambayo hakuna aliyeyapanga. Nikaketi kwa mama ntilie, nikala ugali wa muhogo na mbaazi.

"Unaelekea wapi na makopo yako, fundi?" akauliza.

Nikamwambia naenda kwenye kile kisima kipya.

"Haya bwana, kisima!" akasema, akacheka mpaka akaweka upawa chini. Mimi nikadhani anawafurahia majirani zake.

Alasiri, karibu na kijiji, nilikuta msururu wa wanawake wenye ndoo vichwani na wanaume wanaosukuma baiskeli zenye madumu. Wote walikuwa wanaelekea ninakoelekea. Nikamwamkia mama mmoja wa makamo, nikamuuliza kama kuna harusi au msiba.

"Kuna kisima," akanijibu.

"Sasa kama kuna kisima, maji haya ya nini?"

"Ya kukitilia."

Nikadhani ni utani wa Wamwera, wanavyopenda kututania sisi Wayao. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Saa kumi na moja jioni nilimkuta mtendaji, Bwana Chinguile, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, amesimama chini ya tangi la plastiki lililowekwa juu ya mnara mfupi wa matofali. Watu walikuwa wanapanda ngazi na kumimina ndoo. Hakunificha kitu. Mashine ilivuta maji siku tisa, ikavuta tope, kisha ikavuta hewa. Wachimbaji walikuwa wameshaondoka.

"Kesho bomba likifunguliwa, maji yatatoka," akasema.

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa ni ya Mungu. Fundi, huu ndio uzalendo. Mgeni akija humwoneshi choo kilichobomoka. Kijiji kikiaibika mbele ya Mwenge, nchi nzima imeaibika."

Nikaafiki. Sitaki kujisafisha hapa, niliafiki bila kulazimishwa. Nikanyoosha mistari kwa rula na kuandika kwa herufi kubwa: KISIMA HIKI KIMEKAMILIKA. KINATOA MAJI SAFI KWA WANANCHI WOTE. Ule mkia wa S niliupinda vizuri mno, nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama.

Yule mama wa njiani akaja kusimama nyuma yangu. Ndiye Bi Somoe, mwenyekiti wa kamati ya maji, na ndiye aliyepangiwa kusoma risala kesho yake. Alisoma jiwe polepole, kwa kisomo cha ngumbaro, kidole kikifuata herufi.

"Kimekamilika," akarudia. "Ukishaandika hivi, mwanangu, wilayani watafunga jalada letu. Nani atakuja kuchimba tena?"

"Mama, ni heshima ya taifa."

"Mtoni ni saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Mkwe wangu mimba imemtoka kwenye njia ile, ndoo kichwani. Yeye si taifa?"

Nikafunika makopo yangu, nikaosha brashi kwa mafuta ya taa.

Asubuhi Bwana Chinguile, kwa kutaka mambo yaende sawa, aliwaomba wazee wamwage unga wa mtama pale kisimani kama ilivyo desturi. Mzee mmoja akapiga magoti, akaumimina taratibu mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo, akawataja waliotangulia kwa majina. Bi Somoe alitazama mpaka mwisho.

"Umeagiza unga mwenyewe?" akamuuliza mtendaji.

"Ndiyo mama, ili tupate baraka."

"Haya."

Baadaye ndipo nilipoelezwa. Palipomwagwa unga, wazee wa kaburini wamekaribishwa kusikiliza, na mbele yao hausemwi uongo. Atakayeusema, nyumba yake ndiyo italipa. Bwana Chinguile ni Mmwera wa hapohapo na jambo hilo alilijua tangu utoto. Masikini, kichwa kilimjaa wageni, akasahau.

Saa tano Mwenge uliingia kwa vigelegele. Nami nilisimama wima, machozi yakanilengalenga, sioni haya kusema. Kiongozi wa mbio akavuta pazia, akasoma jiwe langu kwa sauti, watu wakapiga makofi machache. Kisha akaitwa Bi Somoe. Alitazama karatasi, akatazama unga, akaikunja karatasi na kuifundika kwenye pindo la kanga.

"Mheshimiwa, shikamoo ya kijiji hiki," akasema. "Hapa pamemwagwa unga, mimi siwezi kusoma yaliyoandikwa. Maji ya tangi hili tumeyabeba jana kichwani. Ukifungua bomba yatatoka, na ukinywa, karibu. Lakini kisima ni kikavu. Nchi yetu tunaipenda, hatuwezi kuidanganya usoni."

Bwana Chinguile alikuwa analowa jasho kwenye lile shati la pasi. Kiongozi akageukia jiwe.

"Nani kaandika hili?"

Nikanyoosha mkono.

"Ulionja maji ya kisima kabla ya kuandika?"

"Sikuonja."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na maneno mengi, ya jeshi na ya bendera. "Niliambiwa," nikasema, na ni aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Hakukizindua kisima. Aliagiza jiwe lifunikwe na habari ipelekwe wilayani jinsi ilivyo, akaomba maji ya tangi wagawiwe walioyabeba. Mchana huohuo nikashika njia ya Nachingwea. Bi Somoe alinijazia kidumu cha lita tano cha safari. Nilikibeba njia nzima koo limenikauka, sikuthubutu kukigusa mpaka nilipoiona Nambambo.

Miaka miwili baadaye niliitwa tena kijiji kilekile. Nilistaajabu kwamba bado wananitaka. Walikuwa wamechimbiwa upya, bondeni zaidi, na mtendaji alikuwa bado Chinguile, sasa na shati lisilopigwa pasi. Kando ya bomba jipya wanawake walikuwa wanafulia juu ya bamba la saruji. Nikainama kulitazama. Lilikuwa jiwe langu. Sabuni ilikuwa imelamba kila kitu, imebaki KIME peke yake.

Nikapiga magoti mbele ya jiwe jipya, nikafungua kopo. Kabla sijachovya, Bi Somoe akaukamata mkono wangu.

"Onja kwanza."

Akanikingia kikombe cha bati bombani. Nikanywa chote, yeye akinitazama usoni. Yalikuwa ya baridi.

"Vipi?"

"Matamu, mama. Ila yana chumvi kidogo."

"Basi andika hivyohivyo."

Nikamtazama mtendaji. Akatikisa kichwa kukubali. Nikanyoosha mistari yangu, nikaandika: KISIMA HIKI KINATOA MAJI. YANA CHUMVI KIDOGO.