Fundi wa Feni za Moshi

Fundi anayefunga feni za kuvuta moshi jikoni hupima mara tatu. Huzima umeme kwenye swichi kuu, kisha hunyoosha futi ya kupimia kutoka kwenye jiko la gesi kwenda juu, midomo ikihesabu bila sauti. Huongea chini chini, kama aliyeingia nyumba yenye mgonjwa. Siku hiyo mama mwenye nyumba alikuwa akimtazama tangu asubuhi, na hakutaka ukuta wake mpya utobolewe.

"Fundi, bomba la kutolea moshi si liishie tu humo darini? Nani ataliona?"

Fundi alishuka ngazi, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mafuta yanayopanda na moshi yatagandia darini, mama. Siku sufuria ikishika moto, moto utayafuata huko."

"Mbona wengine wanafanya hivyo?"

"Hata mimi nilifanya. Nyumbani kwa dada yangu." Alikunja kitambaa. "Moto ulimkuta ndani, yeye na wanawe wawili."

 Mama aliondoa vyombo vyake chini ya ukuta, akatandika magazeti sakafuni, kisha akaja kumshikilia ngazi. Fundi akapanda, akaweka patasi ukutani, akapiga nyundo, na vumbi la saruji likawamwagikia wote wawili.