Shukrani Tuliyoitoa Mapema

Mume wangu alianza kukwaruza sauti wakati kwaya ilipokuwa ikifanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka. Alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu dogo la mabati hapa Kimbo, kazi aliyoifanya jioni akitoka kiwandani Thika, ambako alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Hakuwa amesomea muziki. Akisikia wimbo, aliugawanya kichwani mwake, halafu akamwimbia kila mtu sehemu yake mpaka mtu huyo akaishika. Wanakwaya wote walikuwa wamejifunza kutoka kooni mwake. Basi alipokwaruza, nao wakaanza kukwaruza kwa mzaha, naye akacheka pamoja nao.

Tulidhani ni vumbi la nyuzi. Nikamchemshia tangawizi na limau asubuhi na jioni. Zahanati ya Ruiru ikampa dawa za kifua, zikaisha, ikampa nyingine. Aliyeona kuwa mambo si mambo ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee, wakati huo akiwa kidato cha pili. Aliniambia jikoni, polepole ili baba yake asisikie, kwamba siku hizi akimeza chakula anafumba macho.

Tukaenda hospitali kubwa. Wakampitishia kamera ndogo puani, wakakata kipande kidogo cha nyama ili wakakipime, na tuliporudi kuchukua majibu daktari alituketisha kabla hajafungua mdomo. Alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alisema ni saratani, na imekaa pale pale sauti inapotokea. Alimwandikia mume wangu dawa za kupunguza uvimbe wakati tunasubiri nafasi ya matibabu Nairobi. Tulipotoka nje mume wangu alisimama karibu na lango akatazama watu wakinunua ndizi, kisha akaniuliza kama nina njaa.

Kanisani walitupokea kama watoto wao. Kina mama wa ushirika wetu walikuja na ugali na sukuma wiki, wakafua hadi mapazia. Mchungaji, mtu mnyenyekevu ambaye mwenyewe alikuwa amejenga lile kanisa kwa mikono yake pamoja na wazee, aliitisha wiki nzima ya maombi. Siku ya mwisho alimwalika mhubiri mgeni. Mhubiri yule alimwita mume wangu mbele, akamshika shingo kwa mikono miwili, akaomba mpaka jasho likamlowesha shati, na mwisho akatangaza kuwa uvimbe umeyeyuka. Watu wakaruka. Mimi pia nilipiga magoti nikalia kwa furaha, na siwezi kusema kwamba sikuamini.

Na kweli, siku zilizofuata sauti ilirudi. Si yote, lakini alikuwa akiniita kutoka bafuni na nikamsikia nikiwa nje kwenye kamba za nguo. Mchungaji akatangaza ibada ya shukrani. Mbuzi wakachinjwa, majirani wa ploti yetu ya nyumba za kupanga wakaja, hata wale wasiokanyaga kanisani. Mume wangu alisimama mbele ya kwaya akaimba ubeti mmoja peke yake. Wazee walifuta macho. Mwenyekiti wa kina mama alishika maikrofoni akasema kwamba kuanzia leo mtu yeyote akitia shaka, aletwe amwone ndugu huyu.

Tuliporudi nyumbani alikaa kitandani bila kuvua viatu. Alisema, "Wamefurahi sana. Nimeshindwa kuwaambia bado inauma."

Nikamuuliza kama inauma vilevile au kidogo. Akasema vilevile.

Hatukuacha kwenda hospitali, jambo hilo nalishukuru mpaka leo. Daktari alitueleza kwamba zile dawa hupunguza uvimbe kwa muda, sauti ikapata nafasi ya kupita, lakini saratani yenyewe haikuwa imesogea popote. Mume wangu aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali. Nairobi walisema dawa iliyobaki ni upasuaji. Wataondoa sehemu yote ya sauti, naye atapumua kupitia tundu shingoni. Hataongea tena.

Walimpa muda wa kufikiri, akautumia kwa namna ambayo sikuitarajia. Aliita wanakwaya nyumbani, wachache wachache, mchana baada ya kazi zao, na kwa ile sauti iliyokuwa imeanza kufifia tena akawafundisha nyimbo zote alizokuwa nazo kichwani na ambazo hakuwa amewafundisha. Walikaa kwenye kochi na chini kwenye mkeka. Akimaliza sehemu ya teno, anakunywa maji vuguvugu, anangoja, anaanza besi. Niliposema apumzike aliniambia kwamba nyimbo hizo akiondoka nazo hakuna atakayezijua. Hakuwa na uchungu alipolisema hilo. Mwenye uchungu nilikuwa mimi, nikiwa jikoni nimegeuzia uso sinki.

Upasuaji ulienda vizuri, walisema. Alirudi nyumbani na bomba dogo shingoni lililofunikwa na kitambaa ambacho nilikuwa nikikifua kila siku. Akitaka kitu alipiga makofi. Akitaka kuongea alisogeza midomo, nasi tukajaribu kusoma. Binti yetu alijua haraka. Baada ya muda mfupi walikuwa wakiongea mambo marefu, yeye akijibu kwa sauti na baba kwa midomo, na wakati mwingine akicheka kicheko kisicho na sauti, mabega yakitikisika. Mimi nilikuwa mzito. Alilazimika kurudia, na nikikosa mara nyingi alinishika mkono akanipapasa kama anayesema haidhuru.

Lakini watu wa kanisa walipungua mlangoni. Mwanzoni nilidhani ni mvua, kwa sababu barabara zetu kukinyesha hazipitiki. Kisha mvua ikaisha. Nikasikia kutoka kwa jirani kwamba kuna wanaosema mume wangu alipoteza uponyaji wake kwa kurudi hospitali. Jumapili katibu aliposoma majina ya wagonjwa wa kuombewa, la mume wangu halikuwemo. Jumapili iliyofuata pia. Nilimngoja katibu nje nikamuuliza. Aliona aibu, akacheza na kofia yake, akasema si kwamba wamesahau, ila tayari shukrani ilitolewa mbele ya watu, na wakisoma jina hilo tena waumini watachanganyikiwa.

Nilikuwa nafanya kazi Thika, katika duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Mama mzee wa dukani, mjane, aliniona kesho yake nikikata kitambaa vibaya. Hakunigombeza. Aliniondoa kwenye meza ya mkasi, akaniketisha kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, yeye akasimama akahudumia wateja mwenyewe hadi jioni. Hakuniuliza kitu wala hakunipa maneno ya kunifariji. Nikakaa pale nikijiuliza kwa nini nimepumzika kwake, ambaye haombi kama mimi, na si kwa watu niliobatizwa pamoja nao.

Nikaenda kumwona mchungaji. Ofisi yake ni kichumba kando ya ukumbi, pamejaa viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka darini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya hasira njiani, na nilipomwona yakaniisha, kwa sababu alikuwa amekonda. Alisema amekuwa akipita karibu na ploti yetu na kugeuka.

"Mama, sijui niwaambie nini watu," akasema.

"Waambie ni mgonjwa."

Akaniuliza mume wangu anaombaje siku hizi, bila sauti. Nikamwambia kwamba anasogeza midomo, na mimi huwa sielewi, lakini haongei na mimi hapo kwa hivyo si lazima nielewe. Mchungaji akainamisha kichwa mezani akalia, mtu mzima, nami nikabaki nimesimama na mkoba wangu.

Jumapili hiyo hakuhubiri somo alilokuwa ameandaa. Alisimama chini, si kwenye madhabahu, akasema kwamba tulitoa shukrani mapema kwa sababu tulitaka sana iwe kweli, na kwa kuona haya tumemwacha ndugu yetu augue peke yake. Alisema ameshindwa kueleza kwa nini Mungu hajamponya na hatajaribu kueleza. Aliomba msamaha kwetu kwa majina yetu yote matatu. Kuna waliosimama wakatoka, na wengine hawakurudi kanisa letu tena. Mwenyekiti wa kina mama alibaki ameketi, leso mdomoni. Jioni yake alikuja kwetu na sufuria ya mukimo wa viazi na mahindi, akakaa kwenye stuli karibu na mume wangu, akamwambia neno moja tu, "Nisamehe." Mume wangu alimwonyesha ile stuli aisogeze karibu zaidi.

Baada ya hapo nyumba ikajaa tena. Kwaya ilikuja Jumamosi mchana, ikajipanga kuanzia sebuleni hadi kwenye korido ya ploti, wapangaji wakatoa viti vyao nje. Mume wangu aliwaongoza kwa mkono mmoja akiwa amelala. Akisikia mtu amekosea alifumba jicho moja, na mtu huyo alijijua.

Saratani ilikuwa imeshafika mapafuni. Hatukuambiwa kwa ghafla, tuliiona ikija katika namna alivyopanda ngazi, halafu namna alivyoacha kupanda. Mwisho wakamlaza hospitali ya Thika. Binti yetu alikuwa shuleni, sasa akilala bwenini, mitihani ikiendelea, na baba yake alikuwa amekataa kabisa aitwe.

Ilikuwa asubuhi, chai ya wagonjwa imepita. Nilikuwa nikimpangusa shingo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Alifungua macho akanitazama vizuri, macho yake mwenyewe, si yale ya dawa. Midomo ikasogea. Niliona ni maneno, si pumzi. Nikamwambia sijaelewa, arudie. Akarudia. Nikasogea, nikatazama midomo kwa nguvu zangu zote, na sikuweza kuyasoma. Nilijaribu kukisia. Nikasema, maji? Akafumba macho, hapana. Nikasema, mtoto? Akanitazama tu. Kisha akafanya kile alichokuwa akifanya nyumbani, akauchukua mkono wangu, akanipapasa. Muuguzi alipokuja na trei yake ya dawa alinitoa pale kwa upole, kwa sababu nilikuwa bado namwambia arudie.

Tulimzika kwao, upande wa Gatanga, penye mashamba ya chai. Mama mzee wa dukani alifunga duka akaja na wanawe, akasimama kwenye udongo mwekundu na sari yake nyeupe, hakuondoka mpaka maua ya mwisho yakawekwa. Kwaya iliimba moja ya zile nyimbo za kwenye kochi letu. Mchungaji alihubiri kwa muda mfupi sana.

Siku chache baadaye binti yangu aliniuliza baba alisema nini. Nilikuwa nimeliogopa swali hilo. Ningeweza kumtungia jambo, na pengine lingekuwa karibu na kweli. Nikamwambia sikuelewa.

Akasema, "Nionyeshe. Sogeza midomo vile alivyosogeza."

Tukaketi tukitazamana kitandani kwangu. Nikajaribu. Nilikumbuka mwanzo, midomo ikifunguka kidogo, halafu kama ikikutana. Alinitazama usoni kwa makini yale yale aliyokuwa akimtazama nayo baba yake. Akaniambia nirudie polepole, nikarudia, na kila nikirudia nikahisi ninakipoteza, kinakuwa changu badala ya kuwa chake. Mwishowe alitikisa kichwa. Akaniegemea kifuani na tukalia mpaka nguo zetu zikalowa, na tangu siku hiyo hatujaliongelea tena.

Sasa yuko Juja, chuoni. Haendi kanisani. Simlazimishi. Akija nyumbani wikendi ananipigia nguo pasi Jumapili asubuhi, ananiandalia chai, na mimi naenda peke yangu. Hasemi amemkana Mungu. Anasema tu kwamba hawezi kukaa chini ya lile paa ambalo chini yake walimshangilia baba yake akiwa na maumivu.

Mimi naenda. Wakati mwingine wakianza kusifu nakaa nimeketi, na hakuna anayenigusa bega nisimame. Mchungaji alianzisha kikundi cha watu waliofiwa, tunakutana kwa mwenyekiti wa kina mama, tunasoma zile zaburi za mtu anayelalamika na hajibiwi. Zamani tulikuwa tunaziruka. Kuna mama mmoja wa Kiuu aliyempoteza mtoto, anakuja, anasikiliza, hajawahi kusema neno, na hatumuulizi. Tukienda kumwona mgonjwa, mimi ndiye wanayemwachia kuanza, nami namuuliza inauma wapi, tunamsikiliza mpaka amalize, kisha ndipo tunaomba.

Maombi yangu mwenyewe yamekuwa mafupi. Namwambia Mungu kwamba Yeye alielewa alichosema mume wangu asubuhi ile, na mimi sikuelewa, na kwamba hilo ni gumu kwangu kulisamehe. Namaliza hapo, navaa viatu, nafunga mlango, natembea kwenda steji kungoja matatu.