Msimu Uliosimuliwa Barazani kwa Amuri

Amuri fundi cherehani alimwona Lukeba kwa mara ya kwanza siku ya uhuru, mwaka wa sitini na mbili, katika uwanja wa mji wa Rumonge, kando ya ziwa. Kamba ya bendera ilikuwa imekwama, watu wakaanza kunong'ona kwamba nchi inaanza vibaya, ndipo mvulana mmoja wa shule ya misheni akasukumwa mbele kwa sababu ya urefu wake. Alipanda juu ya kiti, akanyoosha mkono, akaikwamua. Wanawake wakapiga vigelegele. Amuri hakuitazama bendera. Aliitazama suruali ya kijana yule, iliyoishia katikati ya miguu, akajisemea kwamba hata upindo ukikunjuliwa wote haitatosha.

Lukeba alikuwa mtoto wa Mubembe mmoja aliyevuka ziwa zamani kutoka Kongo kuja kukamua mawese Minago. Miaka miwili baada ya uhuru wamisionari walimpeleka Amerika kusoma. Aliporudi, mwaka wa sabini, alikuwa amezidi kurefuka. Akapewa kazi ya ualimu, akapanga chumba katika ua wa Amuri, kwa kuwa katika mtaa mzima wa Waswahili hapakuwa na mlango mwingine ambao angeuingia bila kuinama.

Amuri alikuwa mtu wa haya. Shule aliishia darasa la nne, na maneno yake yalikuwa machache tangu utoto. Mteja akiuliza nguo itakuwa tayari lini, aliyejibu ni mkewe Zuwena. Asmani, fundi wa baiskeli waliyeshirikiana naye baraza, alisema kwa niaba ya wote wawili. "Huyu muzee," aliwaambia wageni, "mupigie hodi mara tatu. Ya ine atakohoa."

Basiketi ndiyo iliyoanzisha yote. Lukeba alitaka kuwafundisha wanafunzi wake, basi Asmani akatoa rimu ya baiskeli iliyokwisha kazi, akang'oa spoku, wakaipigilia kwenye mchikichi nyuma ya nyumba. Jioni moja ya Januari, mwaka wa sabini na mbili, Asmani akauliza kama ni kweli kule Amerika watu wazima wanalipa ili watazame mchezo huo. Lukeba akasema wanalipa, na yeye mwenyewe aliwahi kuucheza msimu mzima katika timu ya chuo chake.

"Musimu ni nini?"

"Unaanza baridi ikianza, unaisha theluji ikiyeyuka. Mechi baada ya mechi, mpaka apatikane bingwa."

"Basi anza ya kwanza," Asmani akasema. "Tena usiruke."

Hivyo ndivyo ulivyoanza. Kila Ijumaa na kila Jumapili, kati ya alasiri na magharibi, Lukeba alisimulia mechi moja. Msimu wenyewe ulikuwa umekwisha miaka mitano nyuma, lakini barazani kwa Amuri ulichezwa upya, na watu hawakutaka kabisa kuambiwa matokeo kabla ya wakati. Mwanafunzi mmoja alipouliza bingwa alikuwa nani, Asmani alimfukuza na pampu mkononi. Wachezaji walijulikana kwa majina kama watoto wa mtaani. Alikuwako Deni mfupi, aliyekimbia na mpira kama mtu aliyeiba kuku. Alikuwako Roni mwenye nywele nyekundu, ambaye akishika mpira hampi mwenzake. Roni walimchukia.

"Mutu huyo alilelewa na nani?" Asmani aliuliza.

"Na shangazi yake, nadhani."

"Sasa naelewa."

Walipofika mechi ya chuo kimoja cha mashambani, Lukeba akafanya kosa la kutaja kwamba wazazi wa wale vijana walikuwa wafugaji wa nguruwe. Mzee mmoja aliyekuwa akienda msikitini alisimama, akakaa chini kusikiliza. Baraza zima lilitaka ushindi, tena mkubwa. Lukeba alipofika mwisho akasema walifungwa, Zuwena alitoka jikoni na mwiko.

"Mulishindwa na hao?"

"Tulishindwa, mama."

"Basi leo chai iko kwa hao."

Mechi nyingine ilikuwa ya mji wa kusini. Baada ya mchezo timu iliingia hotelini kula, na mwenye hoteli akamwambia Lukeba kwamba watu weusi wanakula nje. Akaenda kukaa kwenye basi. Punde Deni akaja na sahani yake. Nyuma yake akaja Roni, akakaa bila kusema neno, akala huku akitazama dirishani. Tangu siku hiyo hapakuwa na aliyemtukana Roni.

Katika saa hizo Amuri alikanyaga cherehani polepole ili asipitwe na neno. Hakuuliza kitu. Lakini Zuwena alijua: siku za mechi mumewe alioga mapema, akavaa kanzu safi, kama mtu anayengoja mgeni. Na ingawa Amuri hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwahi kulisema hilo mbele ya Lukeba wala nyuma yake.

Mwishoni mwa Aprili ilibaki mechi moja tu, ya ubingwa. Haikusimuliwa. Jumamosi jioni moshi ulionekana upande wa Minago, na asubuhi yake watu wenye mapanga walikuwa wameujaza mji. Wengine walikuwa Wahutu wa hapa, wengine wa kutoka Kongo. Waliwatafuta Watutsi, na kipimo chao kilikuwa macho: ukiwa mrefu, umekwisha hukumiwa. Lukeba hakuwa Mtutsi, lakini nani angesimama kuuliza?

Zuwena alimfungia katika chumba cha vitambaa. Haikusaidia. Walikuja watu sita, wakavunja kufuli, wakamtoa hadi barazani akiwa amejipinda kama anayetafuta kitu chini. Mmoja akainua panga. Majirani walikuwa wakichungulia kwenye nyufa za milango.

Hapo Amuri akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Musimuue. Huyu ni mwenzenu. Ni mutoto wa Kongo, mumusemeshe Kibembe muone."

Yule wa panga alitazamana na wenzake. Mzee wao akasogea, akamuuliza Lukeba jambo kwa Kibembe, Lukeba akajibu. Akamuuliza jina la babu yake, Lukeba akalitaja. Mzee akacheka, akampiga begani, akamwita ndugu mara mbili kwa sauti ya kusikika na wote. Kisha wakaondoka kwenda nyumba nyingine, na kutoka huko zilisikika kelele ambazo Amuri hakuweza kuziba masikio zisiingie.

Siku zilizofuata walikaa ndani wote watatu. Unga ulipungua. Lukeba alikaa sakafuni, mgongo ukutani, magoti yamefika kidevuni. Jumapili ya pili, alasiri ilipofika na baraza liko tupu, Amuri akamwuliza swali la kwanza tangu afahamiane naye.

"Ile mechi ya mwisho?"

Lukeba akafikiri kidogo. "Tulifungwa, muzee. Kwa pointi moja. Mpira wa mwisho nilikuwa nao mimi, ukagonga rimu, ukatoka. Ndiyo maana nilikuwa naivuta siku. Asmani angenihamisha mutaa."

"Walikulaumu?"

"Hapana. Roni alinivua viatu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, vimeshindwa na kamba."

Wakati huo askari wa serikali walikuwa wamekwisha kuurudisha mji mikononi mwao. Watu wakadhani mambo yametulia, wakafungua madirisha. Lakini askari nao walikuja kutafuta. Walitaka Wahutu waliosoma, na walitaka yeyote aliyehusika na watu wa mapanga, na watu wa Kongo walikuwa wa kwanza kutiliwa shaka. Tena ilitosha kunyooshewa kidole. Siku moja asubuhi wanaume wa mtaa waliamriwa kukusanyika sokoni. Jirani mmoja, ambaye ndugu zake wawili walikuwa wameuawa siku ile ya kwanza, akasimama mbele ya Lukeba.

"Huyu walimwachia," alisema. "Ndugu zangu walikatwa, huyu aliitwa ndugu. Nilisikia kwa masikio yangu. Walisema ni mwenzao."

Alikuwa hasemi uongo. Askari wawili wakamshika Lukeba, wakamfunga mikono nyuma, wakampeleka kwenye lori ambalo tayari lilikuwa na watu. Ilibidi wamsukume kwa kitako cha bunduki, maana hakujua namna ya kupanda bila mikono.

Asmani alimshika Amuri kanzu. "Kaa hapa. Una mke wewe."

Amuri akajinasua. Alivuka uwanja mbele ya watu wote, yeye ambaye hakuwahi kuomba hata nafasi ya kupita. Maneno yale ya kwamba ni mwenzao yalikuwa yake. Asipoyasema sasa mbele ya afande, kijana atakufa kwa sababu ya ulimi wa Amuri. Na kama akiyasema, lori lile lina nafasi. Alilijua hilo pia. Akasimama mbele ya lori.

"Afande," akasema, "walioleta mapanga hawakumjua huyu. Ni mimi niliyesema ni mwenzao. Nilisema ili asiuawe. Anakaa kwangu, ni—"

"Ni nani wako?" afande akauliza. Akamgeukia Lukeba juu ya lori. "Wewe, unamjua huyu mzee?"

Lukeba alimtazama Amuri kutoka kule juu. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mpita njia. Mdomo ulikuwa umepasuka, na sauti yake ilitoka ya upole, ile ya mwalimu anayemsahihisha mtoto asiyestahili kuchapwa.

"Baba, umenifananisha. Mimi sikujui. Rudi nyumbani kwako."