Chai Bila Salamu

Mama Birika alikuwa hapendi mtu, na hilo tuliseme mapema, msije mkadhani nasimulia habari za malaika. Miaka kumi na tisa alisukuma kigari cha chai katika nyumba ile ya kutunzia wazee, korido ya chini na korido ya juu, vyumba ishirini na sita, na hapakuwa na mzee hata mmoja ambaye yeye hajawahi kumsema akirudi jikoni. Huyu anaficha sukari chini ya mto, yule anajifanya kiziwi, yule mwingine akipewa mkate anaukagua kama polisi. Lakini chai yake ilikuwa ya moto, haikuchelewa hata siku moja, na salamu yake usingeikwepa. Aligonga mlango kwa kijiko, akaingia, akasema, "Bwana asifiwe!" Kikombe hakikutua mezani mpaka umeitikia. Ukinyamaza, anasimama nacho hapo hapo, anakutolea macho. Hata mzee wa chumba namba tisa, Mwislamu wa swala tano, alikuwa akimjibu, "Haya mama, asifiwe, lete chai," maana alishajua njia fupi ni hiyo.

Nyumbani aliishi kwa mwanawe. Mwana hakuwa na neno, ila mke wa mwana, we acha tu! Mama mkwe akijipakulia mara ya pili, mke wa mwana anakohoa. Akikaa kwenye kochi mchana, anakohoa. Ndiyo maana Mama Birika aliing'ang'ania kazi ile kwa meno na kucha. Mwenye kuamka alfajiri kwenda kazini hakoholewi. Siku atakayofukuzwa atakoholewa asubuhi, mchana na jioni mpaka aingie kaburini, na aliliwaza jambo hilo kila alipofunga vifungo vya sare yake.

Basi akaja Mwalimu, chumba namba kumi na nne. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi, mrefu, mkavu, na hakuamini Mungu. Si kwamba alikuwa mvivu wa kusali kama wengine wetu. Alikuwa haamini kabisa, na alitaka ujue.

"Bwana asifiwe, Mwalimu!"

"Bwana yupi? Anakaa mtaa gani?"

"Utamjua siku akikuita."

"Akiniita mwambie nimelala. Weka chai utoke."

"Chai haitui mpaka uitikie."

"Basi inywe wewe."

Wiki nzima mambo yakawa hayo. Yeye amesimama na kikombe, Mwalimu amekaa kitandani na gazeti lake, chai inapoa, wazee wa vyumba vya mbele wanapiga kelele kwamba ya kwao haijafika. Mwalimu hakuwa mtu wa kukunja ngumi, alikuwa mtu wa kuandika. Alimwandikia Meneja malalamiko yenye namba, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja, na chini akapiga mstari kwa rula. Mama Birika akapewa barua ya onyo. Mwezi uliofuata akateleza tena, akamwambia, "Mungu akusamehe," Mwalimu akachukua rula, na barua ya pili ikaja. Ya tatu, Meneja alimweleza waziwazi, haitakuwa ya onyo. Itakuwa ya kumwambia kwaheri.

Ikaingia Desemba. Huyu Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Waraka kwa sababu hakuna jambo alilolijua kulisema kwa mdomo, alikuwa anaogopa kila mtu kwa wakati mmoja. Aliogopa wanaosali, akaogopa wasiosali, akaogopa watoto wa wote wawili. Akabandika waraka: kuanzia leo hakuna Heri ya Krismasi kwenye korido. Salamu rasmi ni "Heri ya mapumziko ya mwisho wa mwaka."

Mama Birika alifundishwa salamu hiyo na Meneja mwenyewe, mstari kwa mstari. Akaipeleka kwa mjane wa mchungaji, chumba namba tatu, bibi wa miaka themanini na saba.

"Mapumziko gani?" akauliza yule bibi. "Nimepumzishwa humu miaka kumi, nimechoka kupumzika! Nani kakutuma unitukane siku ya Bwana wangu kuzaliwa?" Akamrushia kitambaa cha meza. Mchana huo huo mtoto wake akapiga simu ofisini, akafoka mpaka Meneja akaiweka simu mbali na sikio.

Ukaja waraka wa pili. Sasa kila mlango utakuwa na kadi. Kadi ya kijani, mwenye chumba anapenda salamu za sikukuu. Kadi nyeupe, hapendi, mwambie habari za asubuhi basi. Wazee wakaanza kugombana kwa kadi. Aliyekuwa kijani akamwita mweupe mpagani, mweupe akamwita kijani mnafiki, na watu wawili waliocheza bao pamoja miaka minne wakahamisha viti vyao. Mpishi, naye Mwislamu, alicheka mpaka akashika meza. "Mimi nimeambiwa Heri ya Krismasi tangu nizaliwe na bado nina miguu miwili," akasema. "Ninyi mna kazi." Mama Birika hakucheka. Kwake dunia ilikuwa imeharibika, na aliyeiharibu alilala chumba namba kumi na nne.

Mwalimu alibandika kadi yake nyeupe kwa mkono wake mwenyewe, misumari midogo minne, kila pembe mmoja. Mama Birika akasimama na kigari chake akimtazama.

"Nangoja moja tu, mama," Mwalimu akasema bila kugeuka. "Ulimi ukuponyoke mara moja tu, nami kalamu ninayo."

Jamani, maneno hayo yalimkaa kooni. Usiku ule alikula kiapo: habari za asubuhi hatazipata, kamwe! Waraka ulimruhusu, lakini yeye mdomo wake ni mali yake. Kuanzia kesho yake akaingia namba kumi na nne kimya, akatua kikombe, akatoka kimya. Siku ya kwanza Mwalimu alishusha gazeti. Siku ya tatu akasema, "Umekuwa bubu?" Siku ya tano akamchokoza kabisa: "Leo huniambii habari za mtoto wako wa horini?" Akakohoa, akaguna, akagonga kijiko kwenye kikombe. Mama Birika akauma meno. Alijua anategwa. Neno moja tu likimtoka, jioni amekaa kwa mke wa mwanawe anakoholewa.

Asubuhi ya Krismasi korido ilikuwa na vurugu lake. Kwenye kadi za kijani alimwaga salamu zote alizozibana, Heri ya Krismasi kulia, Bwana asifiwe kushoto, na mjane wa mchungaji akamshika mikono yote miwili. Akafika namba kumi na nne amejaa furaha mpaka puani, na alipoiona ile kadi furaha ikageuka hasira. Hakugonga. Akasukuma mlango.

Pazia lilikuwa bado limefungwa. Mwalimu alilala chali, blanketi limeteremka, macho wazi. Alimtazama. Mkono wake mmoja ukasogea juu ya shuka, ukaanguka. Akatoa sauti, si neno, ni kama mtu anayeanza kusema "mama" akaishia njiani. Akaitoa tena.

Ahaa, akasema Mama Birika moyoni. Leo umeamua kuigiza. Unataka niseme "Mungu wangu, Mwalimu, una nini?" halafu uandike namba moja, Mungu ametajwa, namba mbili, siku ya Krismasi. Hunipati ng'o!

Akatua kikombe. Akamtazama usoni kwa makusudi, akabetua midomo, akatoka, akavuta mlango mpaka ukalia. Hata ule mwendo wake koridoni ulikuwa wa maringo. Alitazama saa ya ukutani kuona kama amechelewa na vyumba vya mbele. Hakuwa amechelewa.

Saa nne alipita kukusanya vikombe. Chai ya Mwalimu ilikuwa pale pale, imeganda utando juu. Mwalimu alikuwa nusu kitandani nusu sakafuni, mdomo umekwenda upande, mate yamelowesha kola, na macho bado wazi. Mama Birika akapiga ukelele ambao wazee wa korido ya juu waliusikia. Muuguzi akaja mbio.

"Kiharusi," muuguzi akasema, magoti chini. "Tangu saa ngapi? Nani kamwona asubuhi?"

"Sijui," akasema Mama Birika. Neno lilimtoka lenyewe. "Alikuwa amelala."

Siku tatu hakula vizuri. Mke wa mwanawe aliona sahani inarudi ilivyo, akasahau hata kukohoa. Siku ya nne akaitwa ofisini.

Meneja alikuwa nyuma ya meza na fomu ya tukio. Kwenye kiti cha wageni alikaa binti wa Mwalimu, mwanamke mtu mzima, macho yamevimba, mkoba magotini. Mwalimu yu hai, alieleza. Upande wa kulia haufanyi kazi. Maneno hana tena, hata moja.

"Tunakamilisha fomu tu," Meneja akasema haraka haraka. "Uliingia asubuhi, mzee alikuwa amelala, ukaweka chai ukatoka, kadi ukaiheshimu. Ndivyo, si ndiyo?" Alimkazia macho ya kumwambia kubali tumalize. Kalamu ilishaanza kuandika "amelala."

Kabla hajajibu, binti akamgeukia. "Mama, mimi nimekuja kukushukuru."

Mama Birika akageuka kuona kama anaambiwa mtu mwingine.

"Baba ni mtu mgumu, namjua. Mimi mwenyewe ninasali, na kwa ajili hiyo hatukusemezana karibu mwaka mzima. Lakini wiki ile ya kabla ya Krismasi alinipigia simu. Aliniambia, 'Yule mama wa chai siku hizi ameniacha na msimamo wangu, ananiheshimu kuliko wewe mwanangu.'" Akafuta pua kwa kiganja. "Akirudi hapa naomba umhudumie wewe. Usiku na mchana nawaza, angalau palikuwa na mtu mmoja aliyemheshimu."

"Vizuri sana," akasema Meneja, akageuza fomu ili Mama Birika atie sahihi. "Na zile barua mbili, nadhani tutaziangalia upya."

Hapo ndipo palipokuwa pa kunyamaza! Kazi ipo, barua zinafutwa, binti anashukuru, Mwalimu mwenyewe hana mdomo wa kumwaga mtama. Mwenye akili zake angetia sahihi akarudi kwenye birika. Mama Birika aliishika kalamu. Akamwona moyoni mke wa mwanawe, kochi lile, kile kikohozi. Alimchukia Meneja na fomu yake, akamchukia Mwalimu kwa kumsifia kwa jambo asilolifanya, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe. Akaiweka kalamu chini.

"Usinishukuru," akasema. "Sikumheshimu. Nilimnunia."

"Mama, umechoka," Meneja akasema. "Tia sahihi ukapumzike."

"Niache niseme! Hakuwa amelala. Alikuwa macho, ananitazama. Aliniita mara mbili kwa sauti ile aliyobakiwa nayo, na mkono akainua. Nikadhani ananitega nifukuzwe kazi. Nikambetulia midomo, nikamfungia mlango."

Meneja akaifunika fomu kwa mikono yote miwili. Binti hakulia wala hakupiga kelele. Akauliza, "Saa ngapi?"

"Saa moja kasoro dakika kumi. Niliangalia saa."

"Daktari aliniuliza ilianza saa ngapi," binti akasema. "Alisema ilikuwepo dawa ya kuokoa maneno yake, lakini lazima wajue saa, na itolewe ndani ya saa chache. Nikamwambia hakuna anayejua."

Akainuka, akamsogezea Meneja ile fomu na kalamu juu yake.

"Rudia saa," akamwambia Mama Birika. "Huyu anaandika."

Mama Birika akarudia.