Namba ya Chesisi

Nilikuwa kwenye yadi ya magari Lanet nilipomwona mama mmoja akiweka kiganja juu ya boneti ya gari dogo la saluni lililotumika.

"Iko moto," alisema.

"Niliiwasha kidogo tu, mathe," muuzaji akajibu.

"Basi tungoje ipoe. Gari bovu hukohoa likiwa baridi."

Akaomba kiti, akakaa. Aliniambia alikuwa nesi mstaafu, na gari lingempeleka mumewe hospitali kila wiki kusafishwa damu. Hakutaka liwaache njiani.

Tukingoja, alimsomea bintiye aliye Naivasha namba ya chesisi kwa simu, aitafute kwenye tovuti ya watengenezaji. Jibu likaja: watengenezaji waliita magari ya aina hiyo yarudishwe yabadilishwe airbag, ule mfuko wa hewa wa usukani, kwa kuwa ingeweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Hili halikuwa limebadilishwa.

Muuzaji akautazama usukani. "Wikendi mimi hubeba watoto wangu na hii," akasema polepole.

Baadaye injini ikawaka bila moshi wala mlio. "Injini ni nzima," mama akamwambia. "Airbag watengenezaji wanabadilisha bure. Ikiwa tayari, nipigie."

Juzi nilimpata muuzaji akiwa mchangamfu. Airbag ilibadilishwa, na mama akalichukua gari.

"Ndiye mteja wangu wa kwanza kuuliza chesisi," akaniambia. "Wengine huuliza redio."

Nilicheka naye, ingawa gari langu nililinunua kwake mwaka jana. Redio yake haina kasoro.