Ndoa ya Dada Yangu Mbele ya Kamera

Huko Msimbu wapo wanaosema hadi leo kwamba dada yangu ni mke wa mtu. Nimechoka kuwasikia na kuinamisha kichwa. Naandika ilivyokuwa, kwa sababu siku hiyo nilikaa ubavuni mwake, chini ya kanga moja.

Watu wa sinema walikuja baada ya nyumba zetu kuhamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Picha yao ilihusu wazazi wanaowatoa binti zao shuleni wakawaoza. Dada alikuwa amekwisha kuolewa Kurui na kuachwa, lakini uso wake ulikuwa wa msichana, wakamchagua yeye awe binti huyo. Baba yetu wakamwomba awe baba wa binti. Mwalimu wa chuo, aliyetufundisha sote Kurani, wakamwomba afungishe ndoa. Bwana harusi walikuja naye kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye masharubu ya kubandika.

Tulielekezwa kwamba binti akiulizwa kama anaridhia, anyamaze. Dada akanyamaza. Kule barazani baba alitakiwa kutaja jina la binti wa kwenye hadithi. Lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa yule kijana, mashahidi wawili wametulia, mwalimu amekwisha soma hotuba. Baba hakuweza kusema uongo katika hali ile. Akamtaja dada kwa jina lake la kweli. Kijana akaitikia kwamba amekubali kumwoa. Kiongozi wa picha akasema safi sana, wakafungasha vyombo vyao, wakaondoka.

Maneno yakaanza. Kisimani wasichana walimpigia magoti kwa kejeli.

"Shikamoo, mke wa sinema."

"Marahaba, wanangu," dada alijibu, ndoo ikiwa kichwani. "Mume wangu hajawaletea sukari?"

Kejeli aliziweza. Kilichomuumiza ni jibu la baba kwa salamu zilizokuja baadaye: watu wa sinema walimtaka tena, Mlandizi, awe mke wa mkulima wa korosho. Gari lingempitia Ijumaa, na asipokuwa tayari wangemchukua mwingine.

"Mke wa mtu haendi kuwa mke wa mwingine," baba alisema. "Hata kwenye picha."

Mwalimu aliafiki. Ndoa ikitamkwa kwa mzaha, alisema, imefungwa vilevile. Kijana atafutwe Dar es Salaam, atoe talaka kwanza.

Dada alitoka uani akaenda kuketi barazani, mbele ya wanaume, wale mashahidi wawili wakiwemo. Nilimfuata nikasimama mlangoni.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwali akiulizwa akanyamaza?"

"Ameridhia."

"Na mwanamke aliyekwisha kuachika?"

Mwalimu alizungusha tasbihi yake kidogo. "Huyo lazima atamke mwenyewe."

"Mimi niliachwa, na wewe unajua. Siku ile mlinisikia nikitamka?"

Mwalimu akawageukia mashahidi. Mmoja akajikuna shingo.

"Mimi nilisikia mbuzi tu," alisema.

Mwalimu alicheka mpaka kofia ikamwangukia pajani. "Basi aliyenyamaza ni yule binti wa hadithi. Huyu hajaozwa."

Baba hakucheka. "Kwa hiyo sasa unajivunia kuachwa?"

"Baba, miaka yote mmelitaja jambo hilo kama ugonjwa wangu. Leo ndilo linalonifungua, nilifiche kwa nini?"

"Watu watasema."

"Wameshasema. Nikibaki wataendelea, nikienda wataendelea. Afadhali waseme nikiwa kazini."

Baba aliinuka akaingia ndani. Hakumruhusu na hakumkataza, na dada aliona hiyo inatosha. Usiku ule alifua nguo zake akazianika karibu na jiko zikauke.

Ijumaa nilimbebea furushi hadi barabarani. Baba hakutoka. Wanawake waliokuwa shambani walisimamisha majembe kutazama, na hakuna aliyempungia mkono. Dereva wa Landrova alikuwa ndiye yule yule wa mara ya kwanza, mcheshi.

"Bibi harusi, mume umemwacha wapi?"

Dada alipanda mbele, si nyuma na mizigo, akaufunga mlango mwenyewe.

"Sina mume," alisema. "Nina kazi Mlandizi. Washa gari."